Kerneli imeganda kwenye kufuli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaoandika draiva na moduli za Linux hapa Nairobi: za mita, mashine za kulipia, ruta, kamera, pamoja na wanafunzi waliochagua moduli ya kerneli kuwa mradi wa mwaka wa mwisho. Majibu yanachukulia kwamba unaijua C na umewahi kujenga kerneli yako mwenyewe.

Mashine imeganda sasa hivi. Nifanye nini kwanza?

Toa mkono kwenye swichi. Ukizima na kuwasha, ushahidi wote unakwenda, na hitilafu ya kufuli (kinachozuia nyuzi mbili kugusa data moja kwa wakati mmoja) inaweza kukaa muda mrefu sana bila kujitokeza tena.

Ipigie ping. Ikijibu ilhali ssh haifunguki, kuna uwezekano mkubwa kwamba prosesa ziko hai na makatizo yanafanya kazi, ila kuna michakato iliyolala ikisubiri kitu ambacho hakiji. Hapo una bahati, kwa sababu bado unaweza kuiuliza kerneli yenyewe. Kama kuna dirisha la root lililobaki wazi, andika:

```
echo w > /proc/sysrq-trigger
echo d > /proc/sysrq-trigger
echo l > /proc/sysrq-trigger
dmesg > /dev/shm/ushahidi.txt
```

Herufi `w` inaorodhesha michakato iliyokwama katika hali ya D, yaani usingizi usiokatizwa. Herufi `d` inaonyesha makufuli yote yaliyoshikwa na nani ameyashika, lakini itakusaidia tu kama kerneli ilijengwa na lockdep, mkaguzi wa makufuli tutakayemweleza hapa chini. Herufi `l` inaonyesha kila prosesa iko kwenye msitari gani. Tumeandika kwenye `/dev/shm` kwa sababu hiyo ni kumbukumbu ya RAM. Kama kilichokwama ni mfumo wa faili, kuandika kwenye diski kutakufanya nawe ujiunge na foleni. Kabla ya chochote kingine, nakili faili hiyo hadi mashine nyingine.

Nikibonyeza Alt+SysRq+w kwenye kibodi hakuna kinachotokea. Kwa nini?

Distro nyingi hufunga sehemu ya SysRq, yaani amri za dharura zinazokwenda moja kwa moja kwa kerneli. Ubuntu, kwa mfano, huja na `kernel.sysrq = 176`, ambayo inaruhusu kusawazisha diski, kuirudisha katika hali ya kusoma tu, na kuwasha upya, basi. Kwenye mashine ya majaribio weka 1. Kizuizi hiki ni cha kibodi tu. Root anayeandika kwenye `/proc/sysrq-trigger` hazuiliwi.

Nitajuaje ni aina gani ya kuganda?

Soma ujumbe wenyewe, kwa sababu kila mlinzi ana saa yake na kila saa inapima kitu tofauti.

`blocked for more than 120 seconds` hutoka kwa khungtaskd: mchakato umelala katika hali ya D bila kuamka hata mara moja kwa sekunde 120. Hapa mshukiwa ni mutekisi au semafo (makufuli ambayo anayesubiri hulala), au kusubiri diski. `soft lockup` ni prosesa iliyozunguka ndani ya kerneli zaidi ya sekunde 20 bila kumpa mpangaji nafasi. Mshukiwa ni spinloku (kufuli ambalo anayesubiri huzunguka bila kulala) au kitanzi kisichoisha. `hard lockup` ni mbaya zaidi: prosesa haijapokea hata katizo la taima kwa sekunde 10 hivi, kwa hiyo kuna mtu amezima makatizo na hajayarudisha. Ujumbe wa RCU (utaratibu wa kerneli wa kusoma data bila kufuli), ambao kwa kawaida huja baada ya sekunde 21, mara nyingi ni mwangwi wa mojawapo ya hayo na si ugonjwa wa kujitegemea.

Jambo dogo linalowasumbua wengi: khungtaskd huripoti mara kumi tu kisha hunyamaza, kulingana na `hung_task_warnings`. Logi iliyonyamaza saa tatu baada ya tatizo kuanza haimaanishi tatizo limeisha.

Logi inamtaja kworker. Kwa hiyo kworker ndiyo yenye makosa?

Ni nadra sana. Kworker ni uzi wa kerneli unaotekeleza kazi zilizopangwa kwenye foleni. Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Anayetajwa kwenye logi ni aliyesubiri mpaka akalalamikiwa. Mwenye kosa ni yule aliyeshika kufuli na hataki, au hawezi, kuliachilia. Swali lako la kwanza kwa kila ripoti liwe: kufuli hili liko mikononi mwa nani? La pili: na huyo naye anasubiri nini?

Chukua draiva ya kubuni ya mita ya stima. Kuna kazi inayopangwa kusoma mita, na kuna funksheni inayoitwa programu inapofunga kifaa:

```
static void mita_kazi(struct work_struct *w)
{
        struct mita *m = container_of(w, struct mita, kazi);

        mutex_lock(&m->kufuli);
        if (m->hai)
                mita_soma(m);
        mutex_unlock(&m->kufuli);
}

static void mita_funga(struct mita *m)
{
        mutex_lock(&m->kufuli);
        m->hai = false;
        cancel_work_sync(&m->kazi);
        mutex_unlock(&m->kufuli);
}
```

Siku mashine inaganda, logi inaleta hii:

```
INFO: task kworker/2:1:87 blocked for more than 122 seconds.
Workqueue: events mita_kazi [mita]
 __schedule
 schedule
 schedule_preempt_disabled
 __mutex_lock
 mita_kazi [mita]
 process_one_work
 worker_thread
```

Soma kutoka chini kwenda juu. Uzi wa kworker ulichukua kazi, ukaingia `mita_kazi`, ukaomba mutekisi, ukalazwa. Hakuna kosa lolote hapo. Ukiishia kwenye ripoti hii utaanza kuilaumu foleni ya kazi, na utaona watu wakiongeza nyuzi za kworker kana kwamba shida ni uchache wa mikono. Shuka chini ya logi, utakuta ya pili:

```
 schedule_timeout
 wait_for_completion
 __flush_work
 mita_funga [mita]
```

Huyu ndiye. `mita_funga` ameshika kufuli, na `cancel_work_sync` haitarudi mpaka kazi inayoendelea imalizike. Kazi nayo haiwezi kumalizika bila kufuli. Angalia kwamba kwenye ripoti hii ya pili neno mutex halipo kabisa. Ndiyo maana watu huipita wakidhani haihusiani.

Dawa ni kuachilia kufuli kabla ya kusubiri: shika, weka `hai = false`, achilia, kisha ndipo uite `cancel_work_sync`. Halafu hakikisha kila anayepanga kazi hiyo anaangalia `hai` akiwa ameshika kufuli, vinginevyo mtu ataipanga upya nyuma yako. Kosa hili lina ndugu zake: kusubiri taima ifutwe ukiwa umeshika kufuli linalochukuliwa na taima hiyo, na kuita `free_irq` ukiwa na kufuli linalotakiwa na mshughulikia katizo. Ukiona funksheni yoyote inayoahidi kusubiri mwenzako amalize, angalia mikono yako ina nini.

Mkwamo wa makufuli mawili unatokeaje?

Fundi mmoja kwenye gereji za Grogan ameshika jeki anangoja spana, mwenzake ameshika spana anangoja jeki, na hakuna anayeachia. Uzi wa kwanza umechukua A unataka B. Wa pili umechukua B unataka A.

Mwaka 1971 Edward Coffman na wenzake wawili waliorodhesha masharti manne ambayo lazima yatimie yote ili mkwamo uwepo: kitu kitumiwe na mmoja kwa wakati mmoja, mtu ashike huku akisubiri kingine, kisiweze kunyang'anywa, na kuwe na mduara wa wanaosubiriana. Ndani ya kerneli matatu ya kwanza huwezi kuyakwepa kirahisi. Unalovunja ni la nne, kwa kupanga mfuatano mmoja wa kuchukua makufuli na kuuandika kwenye maelezo ya juu ya faili. Faili ya `mm/rmap.c` kwenye msimbo wa Linux imeandika mfuatano wake hivyo hivyo, mwanzoni kabisa, nenda ukaione.

Lockdep ni nini, na kwa nini kila mtu ananiambia niiwashe?

Ni mkaguzi wa makufuli aliye ndani ya kerneli. Iliandikwa na Ingo Molnár na Arjan van de Ven, ikaingia Linux 2.6.18 mwaka 2006. Unaiwasha kwa `CONFIG_PROVE_LOCKING=y`.

Nguvu yake ni kwamba haingoji mkwamo utokee. Uzi mmoja ukichukua A kisha B asubuhi, na mwingine ukachukua B kisha A jioni, bila kukutana kamwe, lockdep inaunganisha mambo hayo mawili na kukuambia kwamba kuna siku yatakutana. Inafanya hivyo kwa kufuatilia aina ya kufuli na si kufuli moja moja: mita mia zilizoanzishwa na `mutex_init` moja zinahesabiwa kuwa aina moja. Ile draiva yetu ya mita ingeshikwa kwenye kerneli za sasa mara tu kazi na kufunga vikiwa vimepita kila kimoja mara moja, maana hata foleni za kazi zimeunganishwa na mkaguzi huyu.

Ripoti yake inatisha kwa urefu. Tafuta misitari mitatu: kufuli linaloombwa, `but task is already holding lock`, na ile jedwali ndogo ya CPU0 na CPU1 mwishoni. Jedwali hiyo peke yake mara nyingi inatosha kuonyesha hadithi nzima.

Lockdep inalalamika lakini mashine haijawahi kukwama. Niweke `mutex_lock_nested` ili inyamaze?

Ni pale tu unapoweza kueleza kwa sentensi moja kwa nini mfuatano ni salama, mfano mzazi huchukuliwa daima kabla ya mtoto. Ukiitumia ili logi iwe safi, umemfunga mdomo shahidi pekee uliyekuwa naye.

Lockdep imewashwa, imenyamaza, na mashine bado inaganda.

Kwanza hakikisha bado iko kazini. Baada ya ripoti ya kwanza lockdep hujizima mpaka uwashe mashine upya, na ripoti hiyo inaweza kuwa ilitoka wakati wa kuwaka, kutoka kwa draiva isiyokuhusu:

```
grep debug_locks /proc/lockdep_stats
```

Ukiona 0, ilishajizima. Rekebisha au ondoa kile kilichoichokoza kwanza.

Ukiona 1, basi tafuta mahali isipofika. Haifuatilii ukurasa uliofungwa kwa biti, wala `bit_spin_lock`. Kwa kawaida haimjui anayepaswa kupiga `complete()`. Haijui kwamba kifaa chako hakijatuma katizo ulilokuwa ukilisubiri. Na haiwezi kusema lolote kuhusu njia ya msimbo ambayo haijawahi kupitwa, kwa hiyo njia za makosa zisizojaribiwa ni giza kwake. Pitia kila `return` na kila `goto` katika funksheni inayochukua kufuli. Ile `return -ENOMEM` iliyochomekwa katikati imewaangusha wengi.

Draiva yangu ilifanya kazi vizuri kwenye bodi ya prosesa moja. Ya prosesa nne inaganda. Ni bodi?

Ni draiva. Kerneli iliyojengwa kwa prosesa moja haina spinloku ya kweli. `spin_lock` hubaki kuwa kuzuia uzi usipokonywe nafasi, na makosa mengi hayaonekani. Kwenye prosesa nyingi kufuli linakuwa kufuli.

Kosa la kawaida hapa: msimbo wa kawaida unachukua kufuli kwa `spin_lock`, katizo linaingia kwenye prosesa ile ile, na mshughulikia katizo anaomba kufuli lile lile. Atazunguka milele, kwa sababu mwenye kufuli yuko chini yake na hawezi kuendelea mpaka katizo liishe. Upande wa msimbo wa kawaida tumia `spin_lock_irqsave`. Lockdep huliripoti hili kama `inconsistent lock state`.

`BUG: sleeping function called from invalid context`. Mashine inaendelea tu, naweza kupuuza?

Usipuuze. Umeshika spinloku kisha ukaita kitu kinachoweza kulala: `kmalloc` yenye `GFP_KERNEL`, `copy_from_user`, `mutex_lock`, `msleep`. Leo kumbukumbu ipo tele na uzi haukulala. Siku kumbukumbu itakapobana, uzi utalala na kufuli mkononi.

Mashine inakufa kabisa, na baada ya kuwaka hakuna chochote kwenye logi.

Logi haikuwahi kufika kwenye diski. Unahitaji njia ya kuitoa nje papo hapo, na iliyo bora bado ni konsoli ya serial. Adapta ya USB ya serial unaipata Luthuli Avenue bila shida. Uliza kwanza kama ni ya volti 3.3 au 5, kwa sababu bodi nyingi ndogo haziwezi kuvumilia 5 kwenye pini zake. Ongeza `console=ttyS0,115200` kwenye msitari wa kuwasha (jina la lango hutofautiana kati ya bodi na bodi) na uache kompyuta ya pili ikirekodi usiku kucha.

Kama hakuna lango la serial, netconsole hutuma logi kwa UDP hadi mashine nyingine, kwa kawaida kwenye lango 6666. Haifai kama kinachoganda ni draiva ya mtandao yenyewe.

Pstore yenye ramoops huhifadhi misitari ya mwisho kwenye sehemu ya RAM inayobaki baada ya kuwasha upya. Sharti ni kwamba umeme usikatike katikati. Stima ikipotea na huna UPS, RAM inakwenda na ushahidi pia.

Kwa seva, weka kdump: tenga kumbukumbu kwa `crashkernel=256M`, kisha `kernel.hung_task_panic=1` na `kernel.softlockup_panic=1`. Mashine itakufa kwa heshima na kuacha picha ya kumbukumbu nzima.

Nimepata vmcore, ile picha ya kumbukumbu ya kdump. Nitamjuaje mwenye kufuli?

Fungua kwa programu ya crash ukiwa na vmlinux (faili ya kerneli yenye taarifa za utatuzi) ile ile iliyokuwa ikiendesha mashine. `foreach UN bt` inakuletea wote waliolala katika hali ya D. Ukishapata anwani ya mutekisi, kwa kufuata muundo wa draiva yako au kwa `bt -f`, isome:

```
crash> struct mutex.owner -x ffff888103a1c428
  owner = {
    counter = 0xffff8881042d8003
  }
```

Namba hiyo ni anwani ya `task_struct` ya mwenye kufuli, lakini biti tatu za mwisho ni alama. Hiyo 3 ya mwisho inamaanisha kuna wanaosubiri na mmoja ameomba akabidhiwe. Ziondoe, inabaki `ffff8881042d8000`, kisha:

```
crash> bt ffff8881042d8000
```

Na hapo unamwona amekaa wapi. Kama naye amelala akisubiri mutekisi nyingine, rudia. Ukirudi kwa yule wa kwanza, mduara umefungwa. Spinloku haina ukarimu huu: haiandiki jina la mwenyewe isipokuwa kerneli imejengwa na `CONFIG_DEBUG_SPINLOCK`. Bila hiyo itabidi upitie `bt -a`, prosesa moja baada ya nyingine.

Je, kila kuganda ni kufuli?

Hapana. Seva ya NFS ikitoweka, michakato itakaa kwenye D bila kufuli lolote kuwa na kosa. Diski inayokufa huleta picha hiyo hiyo. Na kwenye mashine pepe, `soft lockup` inaweza kuwa mwenyeji amekunyima prosesa; angalia safu ya `st` kwenye top kabla ya kuanza kusoma msimbo.

Mteja anasema ilikwama saa nane na nusu, lakini kwenye logi za seva sioni kitu saa hiyo.

Seva nyingi zimewekwa UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Saa nane na nusu mchana hapa ni 11:30 kwenye logi. Na `dmesg -T` hukosea kama mashine iliwahi kulazwa.

Bosi anataka tuweke `hung_task_timeout_secs` iwe 0 ili mteja asione makosa.

Kerneli yenyewe huchapisha ushauri huo ndani ya ujumbe, kwa hiyo usimlaumu sana bosi. Mwambie hivi: 0 inamzima mlinzi, michakato inabaki imelala pale pale, na mteja ataona skrini iliyoganda badala ya msitari kwenye logi ambao hakuwa anausoma.

Naweza kuacha lockdep kwenye mashine za wateja?

Hapana, inapunguza kasi mno. Iache kwenye mashine za majaribio. Fedora ina kifurushi cha `kernel-debug` tayari. Walinzi wa hung task na soft lockup ni wepesi, hao waache kila mahali.

Nina laptopu ya mitumba na bando ndogo. Naweza kujifunza haya?

Unaweza. Historia nzima ya Linux ni gigabaiti kadhaa, lakini `git clone --depth 1` inaleta toleo la mwisho tu. Ukihitaji `git bisect` itabidi uwe na historia. Ipakue mara moja ukiwa chuoni au ofisini, kisha muipeane kwa flashi. Punguza ujenzi kwa `make localmodconfig`, na uendeshe ndani ya QEMU ukiwa na `-smp 4` ili makufuli yakutane. Ongeza `-s` na `nokaslr`, na gdb itaingia kwenye kerneli iliyoganda kana kwamba ni programu ya kawaida.

Kosa liko kwenye draiva ya Linux isiyo yangu. Nilipeleke wapi?

Endesha `scripts/get_maintainer.pl -f` na njia ya faili. Itakupa majina na anwani za orodha husika. Tuma barua ya maandishi matupu, bila HTML, bila picha ya skrini iliyopigwa kwa simu. Weka ripoti nzima, pamoja na ya yule mwenye kufuli, toleo kamili la kerneli, na kama umeshajaribu toleo jipya. Kabla ya kutuma pitisha orodha ya miito kwenye `scripts/decode_stacktrace.sh` ili anwani zigeuke kuwa majina ya faili na namba za misitari. Programu hiyo inahitaji vmlinux yenye taarifa za utatuzi kutoka ujenzi ule ule, kwa hiyo usifute folda ya ujenzi kabla hujajibiwa.